Waziri wa Uvuvi Si Mchoma Nyavu Tu

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Ziko wizara ambazo mwananchi wa mjini anazijua kazi zake bila kufundishwa. Akiona shimo barabarani anajua wa kulaumiwa ni nani. Mtoto wake akikaa chini darasani kwa kukosa dawati, anajua pa kuuliza. Lakini mwulize mtu aliyesimama pale Feri, kapu mkononi, anashangaa bei ya changu: waziri anayehusika na uvuvi kazi yake hasa ni ipi? Wengi watakujibu kwa maneno mawili tu: kuchoma nyavu.

Si ajabu wakajibu hivyo. Kwa miaka mingi picha tunayoonyeshwa ya waziri huyo, awe nani, ni ile ile. Amesimama ufukweni, mbele yake rundo la makokoro linawaka moto, na pembeni wavuvi wameshika tama. Leo basi nawaomba tuiweke picha hiyo kando kidogo, tutazame kazi yenyewe. Maana kazi hiyo inagusa sahani ya kila nyumba, na kazi ikieleweka vibaya hata anayeifanya hupimwa kwa kipimo kisicho chake.

Kwanza tukumbuke kwamba uvuvi katika serikali yetu umeishi kama mpangaji, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kwa miaka mingi ulikuwa idara ndani ya Wizara ya Maliasili na Utalii, chumba kimoja na tembo na misitu. Mwaka 2008 ukahamia kwa mifugo. Mwishoni mwa mwaka 2015 ukachanganywa pamoja na kilimo, na Oktoba 2017 ukarudi tena kwa mifugo. Kwa upande wa Zanzibar, ambako uvuvi si jambo la Muungano, kuna waziri mwingine kabisa, na tangu mwaka 2020 wizara yake inaitwa ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Bahari kuu nayo ina mamlaka yake inayosimamiwa na pande zote mbili za Muungano, makao yake makuu yakiwa Zanzibar. Kwa hiyo anayesema "waziri wa uvuvi" anazungumzia kiti ambacho mipaka yake imekuwa ikisogea kila mara, na samaki, kama mjuavyo, hajui mipaka.

Sasa, katika kiti hicho kuna kalamu. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 inampa waziri madaraka ya kutunga kanuni. Msiidharau kalamu hiyo. Kanuni ndizo zinazosema tundu la wavu liwe na ukubwa gani, zana ipi ni halali na ipi ni haramu. Kanuni ndizo zilizosema sato asiyefika sentimita 25 aachwe, na sangara aliye chini ya sentimita 50 aachwe akue. Mambo haya hayapigiwi kura bungeni moja moja. Waziri anatia saini, yanatangazwa katika Gazeti la Serikali, na tangu siku hiyo wavu ambao mtu aliununua kwa mkopo akiwa raia mwema unaweza kumfanya mhalifu.

Sisemi kanuni hizo ni mbaya. Zina sababu zake, na sababu ni za kitaalamu. Jike la sangara, kwa mfano, huchelewa kukomaa kuliko dume. Ukimvua mapema umekula mtaji pamoja na faida. Ninachosema ni kwamba kalamu yenye nguvu kiasi hicho inahitaji masikio yenye nguvu kiasi hicho hicho. Ipo Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, ili waziri asiandike kwa kubahatisha. Na viko vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, vile vinavyoitwa BMU, ili asiandike bila kumsikia anayelala majini. Waziri anayesikiliza mmoja kati ya hao wawili na kumwacha mwingine, kanuni yake itafuatwa mchana na kuvunjwa usiku.

Mtakumbuka kisa cha Juni 2018 pale Dodoma. Maofisa wa wizara waliingia katika mgahawa wa Bunge wakapima samaki kwa rula. Jambo hilo lilizua kelele kubwa, na wengine wakacheka mpaka machozi. Lakini tukiacha kicheko, kisa kile kina fundisho. Samaki mchanga akishafika kwenye sahani, rula haimsaidii tena. Hata akikamatwa aliyempika, hata akitozwa faini aliyemuuza, samaki yule harudi ziwani. Kazi ya sheria ilipaswa kufanyika mbali kabla ya hapo.

Wapi hapo? Hapa ndipo pana kiini cha mazungumzo yetu ya leo. Kokoro halioti ziwani kama magugu. Nyavu za timba hazishuki na mvua. Ziko zilizotengenezwa kiwandani, zikapakiwa, zikapita bandarini au mpakani, zikalazwa kwenye ghala, zikauzwa dukani kwa risiti au bila risiti. Katika mnyororo huo wote mvuvi ni pete ya mwisho. Ndiye maskini kuliko wote, na ndiye ambaye moto unamfikia. Kiwanda hakichomwi, aliyeingiza mzigo hajulikani, mwenye duka wiki inayofuata anaagiza shehena nyingine, na mvuvi yule yule, mwenye deni la wavu ulioungua, anarudi kwake kununua wa pili. Wavu mmoja umeteketea, mauzo yamekuwa mawili.

Tunao ushahidi kwamba kufuata chanzo kunalipa. Kwa miongo mingi pwani yetu, kuanzia Tanga mpaka Mtwara, ilisikika mishindo ya baruti. Mvuvi wa bomu anaua wakubwa na wachanga, anapasua matumbawe ambayo huchukua miaka na miaka kukua, halafu anaokota sehemu tu ya aliowaua. Baruti ilikatazwa siku nyingi, na operesheni zilikuja zikapita, lakini kila doria ikiondoka mishindo inarudi. Hali ilianza kubadilika kweli katika nusu ya pili ya miaka ya 2010, pale vyombo mbalimbali vya dola vilipofanya kazi kama kikosi kimoja, na watu wakafuatwa mpaka kwa waliokuwa wakiuza milipuko. Waziri wa uvuvi peke yake asingeliweza, kwa sababu baruti inatoka migodini na kwenye kazi za ujenzi, si baharini. Ilibidi wenzake wa wizara nyingine nao wasogee.

Na hilo linatuonyesha jambo ambalo wengi hawalijui. Afisa uvuvi unayemwona wilayani si mtumishi anayesubiri amri ya waziri huyu. Anafanya kazi chini ya halmashauri. Leseni za mitumbwi na boti ndogo hutolewa na halmashauri hizo hizo, na ushuru wa samaki ni pato lao. Halmashauri inayohitaji ushuru leo ina kishawishi cha kufumba jicho juu ya samaki wa kesho. Kwa hiyo waziri wa uvuvi, hata akiwa mkali namna gani, ni mtu mwenye sauti kubwa na mikono mifupi. Kazi yake nusu ni kuwashawishi wenzake.

Nusu nyingine iko nje ya mipaka. Ziwa Victoria ni letu kwa karibu nusu tu. Lililobaki ni la Uganda na Kenya. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hilo baada ya habari za watu kuvua kwa sumu, viwanda vya Mwanza viliumia bila kuulizwa ni mvuvi wa nchi gani aliyetia sumu hiyo. Si mabomu wala moto vilivyolifungua soko lile mwaka 2000. Lilifunguliwa na ukaguzi, vipimo vya maabara na makaratasi yaliyonyooka, mambo ambayo hayapigwi picha na mtu yeyote. Kadhalika Ziwa Tanganyika, ambalo tunalimiliki pamoja na Burundi, Kongo na Zambia. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 upande wetu ulifungwa kwa uvuvi, kutokana na makubaliano ya nchi hizo, ili migebuka na dagaa wapate kuzaliana. Uamuzi wa busara. Lakini miezi mitatu ni karo ya shule, ni unga, ni kodi ya nyumba. Anayetia saini ya kufunga ziwa anapaswa siku hiyo hiyo kuwa na jibu la swali la mama anayekaanga dagaa pale Kigoma: mimi nile nini mpaka Agosti?

Ndugu wasikilizaji, siwezi kumaliza bila kuitaja Tawariq 1. Machi 2009 meli hiyo ilikamatwa ikivua katika bahari yetu kuu bila leseni, katika doria iliyofanywa kwa ushirikiano na Afrika Kusini. Waziri wa wakati ule alikuwa Bw. John Magufuli, na tani zaidi ya mia mbili za samaki wake ziligawiwa, mpaka leo watu wanawaita "samaki wa Magufuli". Taifa zima lilishangilia, na haki lilikuwa nayo, maana wageni walizoea kuvuna kwetu kama shamba lisilo na mwenyewe. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliwatia hatiani nahodha na wakala wa meli. Lakini mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu ile kwa kasoro za kisheria katika uendeshaji wa kesi. Miaka mitano ya kazi ikayeyuka. Ushujaa wa baharini ulikuwepo, uangalifu wa makaratasi haukutosha. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Basi tumpime kwa lipi waziri huyu? Mimi naona tuyaache majivu, tuulize maswali matatu. La kwanza, je, sangara na sato wanaofika sokoni wanaongezeka ukubwa au wanapungua? Hilo hata mnunuzi wa Feri na wa Kirumba anaweza kulijibu bila ripoti. La pili, mwaka huu ni waagizaji na wauzaji wangapi wa nyavu haramu waliofikishwa mahakamani, tukilinganisha na wavuvi? Idadi hizo mbili zisomwe pamoja bungeni wakati wa bajeti, na wabunge wetu wazidai. La tatu, kila ziwa au ghuba inapofungwa, wavuvi na wachuuzi wake wameandaliwa nini, na wameambiwa lini?

Waziri atakayeweza kuyajibu maswali hayo huenda picha yake isionekane magazetini mara nyingi. Hatakuwa na moshi nyuma yake. Lakini watoto wetu watakula samaki waliokomaa, na mvuvi atalala usiku bila kuogopa kibiriti cha serikali yake mwenyewe.

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa, kwaherini.