Kijana, Ufundi na Ujira wa Nchi za Mbali
(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini wa Lionja, Nachingwea)



Tunapenda kusema machache juu ya jambo linalozungumzwa sana siku hizi barazani na mashambani. Vijana wanauliza: Je, tuuze mikorosho ya baba ili tupate gharama ya kwenda Uarabuni? Wazazi nao wanauliza: Je, tuwaruhusu? Swali hili si dogo. Mkorosho huchukua miaka mingi kukua, na ukishauzwa haurudi.

Kwanza ieleweke kwamba kusafiri kutafuta riziki ya halali si aibu wala dhambi. Kurani Tukufu katika Sura Al-Qasas yatueleza habari za Nabii Musa a.s. alipofika Madiyani, mgeni asiye na kitu. Hapo alipata kazi. Lakini tuangalie jinsi alivyoipata. Alisifiwa kwa mambo mawili, nguvu na uaminifu. Muda wa kazi ulitajwa waziwazi: miaka minane, na kama angependa mwenyewe, kumi. Mwajiri aliahidi kutomtaabisha, na Mwenyezi Mungu akafanywa shahidi wa mapatano. Basi huyo msafiri alijua anafanya nini, kwa muda gani, kwa malipo gani na kwa nani. Je, kijana wetu anayetaka kuondoka anayajua hayo manne?

Wazee wetu wa kusini waliwahi kuonja jambo hili. Katika mashamba ya katani walikwenda kama manamba. Walifanya kazi kwa kipande, na siku ambayo kazi haikukamilika haikuhesabiwa. Kisha mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, uliofika hadi hapa hapa Nachingwea. Reli ikajengwa, watu wakaja kutafuta mshahara. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Mshahara ulikwisha siku ile ile kazi ilipokwisha. Ila aliyekuwa amejifunza kuendesha au kutengeneza mitambo aliondoka na kitu ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Hilo ndilo fundisho letu la leo: mshahara ni wa mwajiri, lakini ufundi ni wako.

Sasa tufanye hesabu, maana wengi hulinganisha tarakimu tupu. Hapa kwetu, amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 1, 2026 ilipandisha wastani wa kima cha chini katika sekta binafsi kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi. Nchini Qatar, tangu Machi 2021, kima cha chini kiliwekwa kuwa riyali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asiyetoa malazi huongeza riyali 500, asiyetoa chakula huongeza 300. Riyali 1,000 ni takribani dola 275. Tukiikadiria dola moja kuwa shilingi 2,500, hizo ni kama shilingi 687,000. Kijana akisikia hivyo huona kwamba ni karibu mara mbili ya mshahara wa hapa, na tayari yuko safarini.

Lakini tuseme alikopa shilingi 3,000,000 za wakala na nauli. Tuseme analala na kula kwa mwajiri, na kwa mahitaji yake mengine anatumia 150,000 kila mwezi. Zinabaki 537,000. Karibu miezi sita ya mwanzo anafanya kazi ya kulipa deni tu. Akimaliza mkataba wa miaka miwili, atakuwa amebakiwa na kama shilingi 9,900,000, yaani wastani wa 412,000 kwa mwezi. Hiyo ni faida, hatukatai. Lakini faida hiyo ipo kwa sharti la kuumaliza mkataba. Akiugua au akirudishwa katika mwezi wa sita, anarudi mikono mitupu, na mikorosho imekwisha kwenda.

Na wale wanaotazama Ulaya nao wahesabu vivyo hivyo. Uingereza iliweka kima cha chini cha pauni 12.21 kwa saa kuanzia Aprili 2025. Kwa saa 40 za wiki ni zaidi ya pauni 480, kiasi kikubwa masikioni mwetu. Lakini katika jiji kama London, kodi ya chumba peke yake huweza kumeza sehemu kubwa ya mshahara, na bado hujalipa ushuru wa serikali, nauli wala chakula. Huku Lionja fundi hulala nyumbani kwake na hula muhogo wa shamba lake. Chakula hicho hakimo katika mshahara wake, bali kimo katika hesabu yake.

Ndugu wapendwa, ninyi mnaijua kangomba. Mkulima mwenye shida huchukua fedha kidogo kabla ya msimu, kisha hulipa kwa korosho zenye thamani kubwa zaidi. Basi deni la wakala ni kangomba ya jasho: unauza miezi ya kazi yako kabla hujaifanya. Na kama deni hilo lina riba, madhara yake ni maradufu. Mkataba na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba wakala asimtoze mfanyakazi. Sheria ya kazi ya Qatar ya mwaka 2004 nayo inawakataza mawakala wa huko kupokea fedha kutoka kwa mfanyakazi. Basi anayedai mamilioni aulizwe: Ni ya nini, na risiti iko wapi?

Tusiwasahau binti zetu wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani. Taarifa ya Human Rights Watch ya Novemba 2017 juu ya Watanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu ilieleza habari za pasipoti kuzuiwa, mishahara kupunguzwa au kutolipwa, na kazi bila mapumziko. Wapo waajiri wacha Mungu, lakini usalama wa binti usitegemee bahati. Dini yetu imeamrisha madeni na mapatano yaandikwe na yawe na mashahidi. Mkataba usomwe kwa lugha anayoielewa, na nakala ibaki kwa wazazi.

Basi tunashauri nini? Tunashauri ufundi utangulie safari. Kijana anayejua kuchomelea au kufunga umeme, lakini hana cheti, huandikwa kibarua popote aendapo. Mamlaka ya VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa fundi aliyejifunza mtaani: hupimwa, hufundishwa pale penye upungufu, kisha hupewa cheti. Hata Ujerumani, iliyofungua mlango kwa wafanyakazi wenye ujuzi kwa sheria iliyoanza Machi 2020, kwanza huuliza cheti kinachotambulika. Na cheti hicho hicho kinafaa hapa nyumbani, maana wanaochimba madini ya kinywe Ruangwa nao wanahitaji mafundi.

Nabii Daudi a.s. alifua chuma, na Nabii Zakaria a.s. alikuwa seremala. Nani basi atadharau mikono ya fundi?

Kwa hiyo, wazee wetu, kijana akija kuomba mikorosho iuzwe, msimkatalie kwa hasira wala msimkubalie kwa tamaa. Kaeni naye na karatasi. Andikeni mshahara, toeni deni, toeni gharama za huko, kisha tazameni kinachobaki. Na kama kuna mti wa kuuzwa, uuzwe kwanza kwa ajili ya kumfunza kazi.

Mwenyezi Mungu awape vijana wetu riziki ya halali, awalinde walio ugenini, na awarudishe salama. Amin.