Mgonjwa na Majirani Zake (Mk 2:1-12)



Wapendwa wasikilizaji, Injili tuliyoisomewa leo yatuonyesha mgonjwa ambaye hakufika kwa Bwana kwa miguu yake. Watu wanne walimbeba. Walipoukuta mlango umezibwa na umati, walipanda juu ya nyumba wakatoboa dari, wakamteremsha na godoro lake. (Mwenye nyumba alisema nini, Marko hatuambii.) Na Bwana, kabla hajavigusa viungo vilivyopooza, alianza na moyo: alimwondolea dhambi zake. Waandishi walioketi pale walikwazika. Sisi wa Tukuyu na Rungwe yote huenda tusingekwazika sana, kwa maana wazee wetu walijua tangu kale kwamba mtu haugui mwili peke yake.

Kati ya mwaka 1934 na 1938 wataalamu wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliishi miongoni mwa Wanyakyusa wakijifunza desturi zao. Baadaye Monica aliandika kwamba watu wa huku waliihofu sana pumzi ya watu. Mtu akikosa adabu kwa wazazi, au akiwa mchoyo wa chakula kwa jirani, wenzake watanung'unika, na pumzi yao itamwingia kama ubaridi, apate homa. Dawa yake ilikuwa nini? Kusema. Wenye kinyongo walikaa pamoja, wakayatoa yaliyomo moyoni waziwazi, na mwenye hasira alipuliza maji kutoka kinywani kuwa ishara kwamba hasira nayo imetoka. Kilichoogopwa zaidi ni ile hasira inayonyamaza.

Hapa yatupasa kupambanua, kwa sababu katika imani hiyo mna hekima na mna sumu. Malaria huletwa na mbu. Kifua kikuu huletwa na vimelea. Hakuna kinyongo cha jirani kiletacho magonjwa hayo, wala kikao kitakachoyaondoa bila dawa. Na sumu yenyewe ni hii: mgonjwa akizidiwa, watu huanza kuuliza ni nani aliyemtenda. Ajuza aliyeomba ndizi juzi akanyimwa, leo anatazamwa kwa jicho baya. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 imekataza kumtangaza mtu kuwa mchawi, lakini sheria haiingii katika minong'ono ya jikoni. Huko twaingia sisi wenyewe, na makatekista wetu.

Hekima ni ile nusu nyingine. Moyo uliofungwa huuumiza mwili, na jambo hili sasa lapimika. Mwaka 1995 huko Ohio, Marekani, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake walichukua wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza ndugu zao waliopoteza kumbukumbu kwa maradhi, na wengine 13 wa umri kama wao wasio na mzigo huo. Kila mmoja alitiwa kidonda kidogo mkononi, upana wa milimita 3.5. Vidonda vya wale wauguzaji vilichukua wastani wa siku tisa zaidi kupona. Wanawake hao ni wachache, ni kweli, lakini uchunguzi uliofuata umekubaliana nao. Mtu akikaa katika msongo siku nyingi, mwili wake humwaga damuni kemikali za hatari, kama vile kotisoli, ambazo zingefaa kwa kumkimbia nyoka, si kwa kubebwa miezi na miezi. Usingizi hupotea, damu hupanda, kinga hudhoofika.

Tukumbuke basi salamu yetu ya Kinyakyusa, Ugonile, ambayo kwa asili yake humwuliza mtu habari ya kulala kwake. Twaitamka mara ishirini kwa siku njiani bila kungoja jibu. Mama anayemwuguza mumewe mwaka wa pili sasa akiulizwa salamu hiyo kwa moyo, akangojewa, huenda angejibu kwamba hajalala tangu juma lililopita.

Na yupo mwingine, yule ambaye daktari amempima asione kitu, lakini mgongo bado wamuuma. Tusimwambie kwamba ni mawazo tu. Maumivu yake ni ya kweli. Daktari Henry Beecher, aliyewahudumia askari wa Marekani huko Italia katika Vita Kuu ya Pili, aliona kwamba wengi wa waliojeruhiwa vibaya hawakuomba dawa kali ya maumivu, ingawa raia mwenye jeraha dogo kuliko hayo huililia. Alidhani sababu ni kwamba kwa askari jeraha lilikuwa na maana ya kuondoka vitani na kwenda nyumbani salama. Jeraha lile lile, kwa mtu anayewaza nani atawalisha watoto na nani atachuma chai yake, huuma kwa namna nyingine kabisa. Hofu huyazidisha maumivu, na upweke vivyo hivyo.

Enyi makatekista, mkiingia nyumba ya mgonjwa, kwanza ulizeni kama dawa zinamezwa kama zilivyoandikwa, na kama siku ya kurudi Makandana au Igogwe imefika. Mwombeeni, lakini asiachishwe kidonge kwa ajili ya sala. Akiwa na neno zito na ndugu yake, na akiomba mwenyewe, mwiteni huyo ndugu wasemezane. Mtume Yakobo naye ameziweka pamoja toba ya mtu kwa mwenzake na kupona. Asipoomba, ketini naye. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba zile walizonyamaza. Walianza kukosea walipofumbua vinywa kumtafutia kosa.

Juma hili kila jumuiya ndogo ndogo ipange zamu ya usiku, wawili wawili, ili anayeuguza apate kulala. Ianzie nyumba ambayo mgonjwa amelala muda mrefu kupita zote, hata kama ni ya mtu asiyesali nasi.