Kiingereza cha Kila Siku: Namna ya Kusema Mazoea

Leo twataka kueleza jambo moja dogo la lugha ya Kiingereza, lakini ni dogo kama sindano: pasipo hilo, nguo haishonwi. Jambo lenyewe ni namna ya kusema habari za mazoea, yaani yale tufanyayo kila siku, na yale yaliyo kweli siku zote. Waingereza huuita wakati huo "simple present", maana yake wakati wa sasa ulio sahili.

Yafaa kwanza tuone faida yake. Mtoto amalizapo shule ya msingi ya serikali, alikofundishwa kwa Kiswahili, huingia sekondari, na huko masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu wa jiografia husema, "The Kagera flows into Lake Victoria", yaani mto Kagera huingia katika ziwa Victoria. Mwalimu wa elimu ya viumbe husema, "Blood carries oxygen", yaani damu huchukua oksijeni. Tazameni: kweli nyingi za darasani husemwa kwa wakati huu mmoja. Basi mtoto asiyeujua hashindwi na Kiingereza tu. Hata elimu yenyewe humpita.

Na tuanze na kuunda. Twaa kitenzi kama kilivyo, wala usikiongeze kitu: "work". Kisha tanguliza neno la kumtaja mtendaji: "I work, you work, we work, they work". Katika Kiswahili mtendaji hushikamana na kitenzi: ninafanya, unafanya, tunafanya, wanafanya. Katika Kiingereza husimama peke yake, wala haachwi nje. Ukisema "Work at Kagondo" bila "I", hukusema habari zako, umetoa amri. Lakini tena asitajwe mara mbili. Sisi husema "Baba anafanya kazi", na ile a- hubaki ijapokuwa baba ametajwa. Mwingereza husema "My father works", basi. Hasemi "My father he works".

Sasa twafika mahali ambapo wengi hujikwaa. Mtendaji akiwa mmoja, naye si mimi wala si wewe, kitenzi huongezwa herufi s: "he works, she works, it works". Sababu ya kujikwaa ni hii: mwanafunzi amekwisha fundishwa kwamba s katika jina ni alama ya wingi, kama "farmer" mkulima mmoja, na "farmers" wakulima wengi. Aionapo s katika kitenzi hudhani nayo ni ya wingi, kumbe ni ya umoja. Linganisheni: "The farmer works", mkulima hufanya kazi, "The farmers work", wakulima hufanya kazi. Mara nyingi s ni moja tu katika sentensi za namna hii: ikikaa kwa jina, haikai kwa kitenzi. Lakini jihadharini na majina kama "children" na "people", ambayo ni ya wingi ingawa hayana s. Hayo nayo hayataki s katika kitenzi: "The children work".

Katika kuandika, kitenzi kiishiacho kwa s, sh, ch, x au o huongezwa es: "washes, teaches, goes". Kiishiacho kwa y iliyotanguliwa na konsonanti hugeuza y kuwa ies: "carry" huwa "carries", lakini "play" huwa "plays" tu. Na "have" huwa "has". Katika kutamka, tukumbuke kwamba maneno ya Kiswahili na ya Kihaya huishia kwa irabu, kwa hiyo ulimi wetu hupenda kuongeza i mwishoni, tukasema "wokisi". Ikate s papo hapo, wala usiifuatishe irabu.

S hiyo haikuwapo siku zote mahali hapo. Katika Biblia ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1611, msomaji hukuta "goeth" mahali ambapo leo huandikwa "goes". Katika siku zile s ilikuwa imekwisha kuenea katika mazungumzo, na Shakespeare aliandika namna zote mbili. Baadaye s ikashinda. Kwa hiyo mkutapo "goeth" au "saith" katika kitabu cha zamani, msidhani ni kosa. Ni kitenzi hiki hiki katika vazi la kale.

Sasa kukana na kuuliza. Sisi hukana ndani ya kitenzi chenyewe: "hafanyi". Mwingereza huita msaidizi, naye ni "do", au "does" kwa mtu mmoja atajwaye: "I do not work, he does not work". Angalieni s imekwenda wapi. Imehamia kwa msaidizi, nacho kitenzi kimebaki kitupu. Mzigo ni mmoja, na mchukuzi ni mmoja. Asemaye "he does not works" amewatwika wawili mzigo wa mmoja. Katika kuuliza, msaidizi hutangulia mbele: "Do you work? Does he work?" Sisi twaweza kuuliza kwa kupandisha sauti tu, "Anafanya kazi?", Kiingereza sanifu humtaka msaidizi. Lakini "am, is, are" na maneno kama "can" na "must" hayamhitaji: husemwa "He is not a teacher", na "Can he read?" Wala "can" na "must" hazipokei s kamwe.

Kuna mtego mmoja katika kujibu. Mtu akiulizwa, "Hulimi kahawa?" naye halimi, hujibu, "Ndiyo, silimi", maana akubali neno la mwulizaji. Mwingereza aulizapo, "Don't you grow coffee?" asiyelima hujibu, "No, I don't". Akijibu "Yes", atadhaniwa kuwa analima. Mbele ya karani aandikaye habari za shamba lako, neno moja hilo laweza kugeuza habari zote.

Basi tuje kwenye matumizi, na hapa watu wa Kagondo wana akiba kubwa ambayo pengine hawaitambui. Tusemapo kwa Kiswahili "Mama anapika ndizi", msikilizaji hajui kama chungu ki motoni sasa hivi, au kama hiyo ndiyo desturi ya mama. Ile -na- yabeba maana zote mbili. Kiingereza huzitenga: "She is cooking bananas", yu jikoni sasa, "She cooks bananas", ni desturi yake. Lakini Kihaya nacho huzitenga! Mkulima asemapo "tulima", ataja kazi yake ya siku zote. Asemapo "nitulima", jembe li mkononi. Ile ni- ya mbele ndiyo itendayo kazi ya "am, is, are" pamoja na ing. Basi mtoto wa Kihaya asianze kutafsiri kutoka -na- ya Kiswahili, bali aiulize kwanza lugha ya nyumbani. Na katika Kiswahili chenyewe tuna hu-: ukiweza kusema "mama hupika", sema "she cooks".

Msidhani tofauti hii ni ya vitabuni tu. Kijana akiandika juu ya jirani "He is drinking", jirani ana kikombe mkononi, na huenda ni maziwa. Akiandika "He drinks", pasipo kutaja kinywaji, msomaji Mwingereza huenda akafahamu kwamba jirani ni mlevi. Vivyo hivyo, "What are you doing?" ni kuuliza ufanyalo sasa, lakini "What do you do?" ni kuuliza kazi ikupayo riziki. Aombaye kazi akiulizwa hilo la pili, akajibu "I am sitting here", amepoteza nafasi ya kujieleza.

Yako pia maneno ya moyo na akili ambayo kwa kawaida hukaa katika wakati huu sahili, ingawa habari ni ya sasa hivi: "know, want, believe, understand". Sisi husema "ninajua, ninataka". Lakini Kiingereza ni "I know, I want", si "I am knowing". Tena wakati huu hutumika kwa safari zilizopangwa. Ukisikia "The ship leaves Bukoba tomorrow", usishangae kwamba habari ni ya kesho. Ratiba imekwisha wekwa, nayo huhesabiwa kama jambo la desturi.

Wasikilizaji wetu, kanuni bila mazoezi ni kama mbegu ghalani. Twawashauri jioni hii mfanye hivi. Mzee au mama aseme kwa Kihaya kazi tano zifanywazo nyumbani kila siku: nani hulima, nani huteka maji, nani huchuma kahawa. Mwanafunzi aziandike kwa Kiingereza, kisha azikane zote, kisha aziulize zote. Hizo ni sentensi kumi na tano. Na kila atajwapo mtu mmoja, atafute s iko wapi: kwa kitenzi, au kwa msaidizi. Akiiona kila mahali inapopasa, ameushika wakati huu sawasawa. Kwaherini.