Pikipiki ya Mwinjilisti na Hewa ya Mlimani



Mji wa Morogoro uko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Vijiji vya Mgeta, milimani Uluguru, vinazidi mita 1,000. Huko hewa ni nyepesi, hivyo kabureta iliyorekebishwa mjini hutoa petroli kupita kiasi: moshi mweusi, plagi nyeusi, na sadaka ya washarika inaungua bure.

Safisheni kwanza chujio la hewa. Injini ikishapata moto, geuzeni skrubu ya mchanganyiko kidogo kidogo mpaka ingurume sawasawa. Hesabuni mizunguko, ili mkishuka mjini muirudishe. Petroli ikipungua mno, injini huchemka. Moshi ukiendelea njiani, mwoneni fundi.

Huo nao ni uwakili mwema.