Motokaa Kuukuu Ikilia, Dereva Asikilize

Hotuba kwa madereva na wenye motokaa wa Kisii na Nyamira



Nchi ya Kisii na Nyamira ni nchi ya milima na mabonde, na mvua huinyeshea karibu mwaka mzima. Motokaa itokayo Kisii kwenda Keroka au Nyamira haikai kwenye tambarare kwa muda mrefu. Ikiisha kupanda huteremka, na ikiiacha lami huingia katika njia ya matope. Tena motokaa nyingi si mpya. Sheria ya Kenya huruhusu kuingiza motokaa iliyotumika ng'ambo maadamu haijapita umri wa miaka 8, na ikiisha kufika huuzwa, kisha huuzwa tena. Nyingine, kama zile Toyota Probox za abiria, hushinda barabarani kutwa zikibeba watu, ndizi na magunia. Basi si ajabu motokaa kama hizo zikilia. Ajabu ni dereva kuongeza sauti ya redio ili asisikie.

Wengi wasikiapo mlio huuliza, "Ni kitu gani kimeharibika?" Swali la kwanza lingekuwa, "Mlio huu huja wakati gani?" Mwenye kujua wakati wake amekwisha kupata nusu ya jibu.

Kuna njia nyepesi ya kuanza. Motokaa isimamishwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, gia itolewe, kisha injini iongezwe mafuta kidogo. Mlio ukisikika vile vile, yafaa kutazama injini, ukanda wa feni na bomba la moshi. Ukinyamaza, na kurudi tu motokaa inapokwenda, yafaa kutazama magurudumu, ekseli, breki na springi.

Mvumo unaokua kadiri mwendo unavyoongezeka, mara nyingi ni beringi ya gurudumu. Motokaa ikipinda kushoto, uzito huegemea upande wa kulia. Kama mvumo wazidi hapo, beringi ya kulia ndiyo ya kushukiwa kwanza. Mlio wa ta-ta-ta usukani unapokatwa mpaka mwisho, katika motokaa inayovutwa na magurudumu ya mbele, huonyesha kwamba kiungo cha ekseli kimelika. Kiungo hicho hufunikwa na mfuko wa mpira wenye grisi. Mfuko ukipasuka, grisi hutoka na matope huingia. Mpira ukibadilishwa mapema, huenda kiungo kikapona.

Kutetemeka nako kuna maana yake. Usukani ukitetemeka katika mwendo fulani tu, kisha ukatulia mwendo ukipungua, pengine magurudumu hayana uzito sawa. Katika nchi ya matope, huenda ni udongo uliogandamana ndani ya rimu. Usafishwe kwanza kabla ya kutoa fedha. Usukani ukitetemeka wakati wa kushika breki tu, diski za breki haziko sawa. Mgongano unaosikika kila motokaa ipitapo shimoni hutoka kwenye bushi, shokomzoba, au viungo vinavyoshika gurudumu. Hivi vya mwisho si vya kuahirishwa, kwa sababu kikiachana kimoja, gurudumu hulala upande na usukani hauna kazi tena.

Iko milio inayomtaka dereva asimame papo hapo, hata kama abiria wananung'unika. Wa kwanza ni wa chuma kusaga chuma wakati wa kushika breki. Maana yake pedi zimekwisha kabisa. Wa pili ni gurudumu kugonga na kutikisika baada ya tairi kubadilishwa. Huenda nati hazikukazwa. Wa tatu ni injini kugonga huku taa ya oili ikiwaka; izimwe mara moja, kwani dakika chache zatosha kuiua.

Mteremkoni kuna hatari kubwa zaidi. Madereva wengine hutoa gia ili kuweka akiba ya petroli. Motokaa ya namna hiyo haishikwi tena na injini, bali na breki peke yake, nazo hupata moto. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka mingi hunyonya unyevu. Yakipata moto sana huchemka, na pedeli huzama bila kushika. Wala akiba yenyewe haipo, kwa kuwa katika injini nyingi za siku hizi petroli hukatwa motokaa inapoteremka ndani ya gia bila kukanyagwa mafuta. Dereva mwenye busara huingiza gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, na pedeli ikilegea husimama mpaka breki zipoe, kisha huenda polepole kwa fundi.

Mwisho, afikapo kwa fundi, mwenye motokaa asiseme, "Nibadilishie kitu fulani," kwa sababu jirani alibadilisha hicho. Aseme: mlio huja asubuhi au injini ikiisha kupata moto, mlimani au mteremkoni, katika kupinda, kushika breki au kupita shimoni, upande gani, na tangu lini. Kisha fundi mwenyewe aiendeshe akiwa naye. Asiyeweza kueleza hununua vipuri vitatu, na mlio hubaki palepale.

Dalili ya mvua ni mawingu. Motokaa kuukuu ikitunzwa yaweza kumtumikia mwenyewe miaka mingi, na ni nadra iharibike bila kutoa habari. Yampasa anayeshika usukani, ambaye nyuma yake wameketi watoto wa watu, aipokee habari hiyo mapema.