Kwa Nini Marejesho ya Kodi Huchelewa

Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wa Kagongwa, Kahama



Miongoni mwa wauza mchele wa Kagongwa na mafundi wanaohudumia migodi ya dhahabu, lalamiko moja husikika mara kwa mara: fedha ambayo sheria yasema irudi kwa mlipakodi hairudi kwa wakati. Wapo wanaosema Serikali inadhulumu. Wapo pia wanaosema kila mfanyabiashara ni mwongo. Kauli zote mbili zinakwepa kazi ya kutazama faili limekwama wapi.

Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza nchini tarehe 1 Julai 1998. Muuzaji aliyesajiliwa humtoza mnunuzi wake, ambayo kwa kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, hukata kodi aliyoilipa mwenyewe aliponunua, kisha hupeleka tofauti Mamlaka ya Mapato. Lakini bidhaa inayouzwa nje hutozwa sifuri. Mgodi hununua vipuri na huduma kwa asilimia 18, ukauza dhahabu nje kwa sifuri. Kwa hiyo huwa mdai wa Serikali mwezi hadi mwezi. Ndiyo sababu ugomvi huu umeota mizizi katika ukanda wa dhahabu kuliko penginepo.

Ucheleweshaji mwingine umo ndani ya sheria yenyewe. Sheria ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika Julai 2015, iliagiza kwamba ziada ya kodi kwa kawaida isogezwe mbele kwa miezi sita kabla ya kuombwa, isipokuwa kwa wale ambao sehemu kubwa ya mauzo yao ni ya kiwango cha sifuri. Baada ya maombi, Kamishna Mkuu alipewa siku 90 za kuamua. Anayepiga kelele mwezi wa tatu aghalabu hajafika hata mlangoni.

Kisha zipo karatasi. Risiti isiyotoka katika mashine ya kielektroniki, au isiyoonyesha jina na namba ya mlipakodi ya mnunuzi, haina nguvu mbele ya mkaguzi. Muuza mchele anayempakilia mteja wa Rwanda lori lake, akaachia nyaraka za forodha ziandikwe kwa jina la mteja huyo, atathibitishaje kwamba mzigo ulivuka Rusumo kwa mauzo yake? Na aliyeacha kupeleka ritani ya mwezi, ambayo hudaiwa tarehe 20, au mwenye deni la kodi nyingine, asishangae marejesho yake yakizuiwa au kukatwa deni kwanza.

Hata hivyo, si haki kumbebesha mlipakodi mzigo wote. Afisa anayepimwa kwa fedha alizokusanya hana furaha ya kuandika hundi ya kuzitoa. Faili lisilo na kasoro hukaa mezani bila swali wala jibu, na huo ni urasimu, hata ukivikwa joho la uangalifu.

Mwaka 2017 mambo yalizidi kuwa mazito. Machi mwaka huo Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia. Na kuanzia tarehe 20 Julai, marekebisho ya sheria yaliwanyima wauzaji wa madini ghafi nje haki ya kudai kodi waliyoilipa katika manunuzi. Nia ilikuwa njema: madini yaongezwe thamani hapa nchini. Ila neno "ghafi" lilizua mabishano. Je, mkuo wa dhahabu ulioyeyushwa mgodini ni ghafi au si ghafi? Jibu la swali hilo ndilo lililoamua kama mgodi una dai au hauna.

Mgogoro mkubwa wa kodi na Acacia, kampuni iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, ulimalizwa kwa mazungumzo. Barrick iliichukua Acacia yote Septemba 2019, na Januari 2020 mkataba ukatiwa sahihi: dola milioni 300 za kumaliza madai, na Serikali kuwa na asilimia 16 katika Twiga. Wakubwa walipata meza ya kuketi.

Mwenye karakana ndogo hana meza hiyo. Chukulia kwamba ameuzia mgodi kazi ya shilingi milioni 50 na kuongeza kodi ya milioni 9. Yeye hudaiwa milioni 9 hizo mwezi unaofuata, hata kama mgodi haujamlipa. Nao mgodi unaosubiri marejesho yake huwa mzito wa kulipa. Hapo mishahara ya mafundi husimama, na ada za watoto wao hufika shuleni zimechelewa, jambo ambalo walimu waliopo hapa wanalijua kuliko Hazina.

Mtu wa namna hiyo haombi upendeleo. Anataka barua yenye sahihi, ndani ya muda wa sheria, imweleze ni karatasi ipi iliyopungua, au ni siku gani atalipwa.