Pengo lako si aibu



Siku ya posho nilikuta watoto wetu wa masomo ya Biblia wakicheza pazeli, ile picha ya kartoni iliyokatwa vipande vipande ambayo mtu anaiunganisha tena. Nikakaa nao, nikajifunza.

Vipande vile vina majina. Chenye pande mbili zilizonyooka ni kipande cha pembe, navyo ni vinne tu. Chenye upande mmoja ulionyooka ni cha ukingo. Vingine ni vya ndani. Sehemu inayotokeza waliiita ulimi, kama vile seremala anavyoita ncha ya mbao inayoingia ndani ya mbao nyingine. Sehemu iliyobonyea waliiita pengo. Kipande kimoja kina ndimi mbili na mapengo mawili, kingine ndimi tatu na pengo moja. Na kuna chenye mapengo manne, bila ulimi hata mmoja.

Mtoto mmoja akakiinua hicho cha mwisho, akasema: «Mwalimu, hiki kimeharibika.» Mwalimu akamjibu: «Hapana. Kitafutie majirani zake.» Walipokiweka mahali pake, ndimi nne ziliingia, moja kila upande. Kikashikwa kabisa.

Zamani, katika miaka ya 1760, John Spilsbury, mchora ramani wa London, alibandika ramani juu ya ubao, akaikata kwa msumeno akifuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia. Lakini vipande vya wakati ule, vingi havikuwa na ndimi wala mapengo. Vilikaa jirani tu. Ukigonga meza, vinaachana.

Wapendwa, kanisa pia linaweza kuwa hivyo. Tunakaa benchi moja, bega kwa bega, na hatushikani. Mama mmoja mjane alilala siku mbili na watoto wake bila kuwasha moto. Siku ya Mungu akaja, akaimba, akasalimia kila mtu: «Niko mzima.» Dada aliyekaa kando yake alikuwa na unga nyumbani, lakini hakujua. Yule mama alificha pengo lake kwa kuona haya, na ulimi wa jirani ukakosa pa kuingia.

Someni 1 Wakorinto 12 nyumbani. Paulo anatufundisha juu ya viungo vya mwili, jinsi kimoja hakiwezi kukikataa kingine.

Wewe uliye na kitu, juma hili usiulize tu «habari gani?» na kupita. Ingia nyumbani, kaa, sikiliza. Na wewe uliye na pengo, mwambie ndugu mmoja. Mungu hakukukata vibaya. Hapo panapokuuma ndipo mwenzako atakapokushikia.

Mungu awabariki. Amina.